Kuhesabu kwa Kuchukua na Kuhesabu kwa Kutoa: Mifugo, Dharura na Dola katika Kasongo, Kabambare na Kenya

Utangulizi

Mfugaji anapopoteza wanyama wake kwa ukame, kwa maradhi au kwa vita, swali la kwanza ni la nyumbani: watoto watakula nini, na kundi litaanza tena kwa mnyama gani? Swali la pili ni la kisiasa: hasara hii ni ya nani? Yaweza kuwa ya mwenye mnyama peke yake, yaweza kuwa ya ukoo wake, na yaweza kuwa ya umma wote kwa njia ya hazina ya serikali. Malipo ya dharura ambayo serikali huwapa wafugaji ni jibu la tatu. Jibu hilo halikuanza zamani katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na wala halikuenea kila mahali.

Makala haya yanachunguza jibu hilo kwa kulinganisha sehemu mbili za ulimwengu wa Kiswahili ambazo ni nadra kusomwa pamoja. Ya kwanza ni wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mali ya mwanakijiji hutembea kwa miguu ya mbuzi, kondoo na kuku. Ya pili ni Kenya, ambako katika karne hii serikali imeanza kuwalipa wafugaji wa kaskazini fedha taslimu wakati wa ukame. Hoja kuu ni kwamba serikali haiwezi kumlipa mtu isiyemjua, na kumjua mfugaji ni kumhesabu yeye na wanyama wake. Katika historia ya sehemu zote mbili hesabu hiyo ilianza kwa shabaha ya kuchukua. Nchini Kenya iligeuzwa polepole, tena baada ya mapambano, ikawa hesabu ya kutoa pia. Kusini mwa Maniema mgeuko huo bado haujatimia.

Maneno na maana zake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe yafaa kuyatazama maneno, kwani lugha huonyesha jinsi watu wanavyogawa wajibu. Kiswahili kina msamiati mpana wa malipo yanayofuata hasara. Fidia, neno lenye asili ya Kiarabu, lilihusu hapo awali malipo ya kukomboa. Katika sheria za leo hudokeza kwamba mlipaji anawajibika kwa hasara iliyotokea. Ruzuku, neno la ukoo mmoja na riziki, ni mchango unaoshuka kutoka juu, na mpokeaji hana haki ya kuudai. Msaada ni tendo la hiari. Bima ni mkataba: aliyechangia anastahili kulipwa sharti linapotimia, bila kuomba wala kuhurumiwa.

Tanzania imeongeza maneno mawili yenye busara ya kiofisi. Kanuni za mwaka 2011 kuhusu madhara yanayosababishwa na wanyamapori wakali zinatambua malipo yanayojulikana kwa majina ya kifuta jasho, kwa aliyeharibiwa mali, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina haya hayasemi kwamba serikali imekosa, wala hayasemi kwamba kilichotolewa kinalingana na kilichopotea. Yanasema tu kwamba serikali imemwona aliyeumia. Hapo ndipo penye kiini cha suala: ili serikali imfute mtu jasho, sharti kwanza imwone.

Mifugo ya Kasongo na Kabambare kabla ya utawala wa Kibelgiji

Kabambare na Kasongo ni vituo vya njia moja ya kale. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipita Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe, penye mto Lualaba. Mmishenari na msafiri David Livingstone aliishi Kabambare, aliyoiandika Bambarre, katika vipindi kadhaa kati ya 1869 na 1871. Shajara zake zinataja mara nyingi mbuzi, kondoo na kuku wa Wamanyema: wanyama walionunuliwa kwa shanga na nguo, waliotolewa zawadi, na walionyang'anywa na watu wa misafara wenye bunduki.

Tukio linalojulikana zaidi katika shajara hizo lilianza kwa mfugo mdogo kuliko wote. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe lililojaa wanawake wa vijijini, mtu mmoja wa msafara aligombana na mchuuzi juu ya bei ya kuku. Muda mfupi baadaye bunduki zililia, na mamia ya watu wakauawa kwa risasi au wakazama katika Lualaba. Sababu za mauaji hayo zilikuwa pana kuliko kuku mmoja, maana wafanyabiashara walikuwa wakishindana juu ya nani awe mkubwa wa nchi. Hata hivyo tukio hilo linabainisha jambo litakalojirudia: bei ya mnyama wa mwanakijiji ilikuwa mpaka kati ya biashara na unyang'anyi, na mwenye silaha ndiye aliyeuchora mpaka huo.

Kuanzia miaka ya 1870 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ni mojawapo ya kazi za kwanza kubwa za nathari ya Kiswahili. Katika utawala wake pembe za ndovu zilikuwa ushuru wa watawala wa chini kwa mkubwa wao. Mji ulizungukwa na mashamba makubwa ya mpunga na miti ya matunda. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefuatana na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, aliandika pia juu ya kundi la ng'ombe waliokutwa mjini ulipotekwa Aprili 1893. Ng'ombe hao walikuwa mali ya wakubwa. Katika sehemu kubwa ya Maniema mbung'o na maradhi ya nagana viliwazuia ng'ombe kuenea, na mkulima wa kawaida alibaki na mbuzi, kondoo na kuku. Kabambare nayo ilitekwa Januari 1894. Wenye nguvu walibadilika. Mbuzi wa mwanakijiji aliendelea kuwa yule yule anayefikiwa kwanza na mkono wa mgeni.

Bula Matari na hesabu ya kutoza

Watu wa Kongo waliipa serikali mpya jina la Bula Matari, mvunja mawe, ambalo awali lilikuwa lakabu ya Stanley. Serikali hiyo ilihitaji chakula kwa askari, wapagazi na vituo vyake, na ilikipata kwa kuvitoza vijiji. Tume ya uchunguzi iliyoteuliwa mwaka 1904, ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1905, ilieleza uzito wa kodi za chakula kwa vijiji vya karibu na vituo. Kijiji kilichoishiwa na mbuzi au kuku kililazimika kuwatafuta mbali na kuwanunua kwa bei kubwa kuliko ile iliyolipwa na kituo. Hivyo hesabu ya kwanza ya mifugo iliyofanywa na dola ya kisasa ilikuwa hesabu ya deni.

Baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka 1908, kodi ya kichwa inayolipwa kwa fedha iliwekwa kuanzia mwaka 1910. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kwa mifugo. Mbuzi sasa hakuchukuliwa na kituo. Aliuzwa na mwenyewe ili kupata fedha za kukipa kituo. Kutoka upande wa mlipaji tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ilizaa daftari: jina la mtu mzima, kijiji chake, chifu wake na kama amelipa. Vita vya 1914 hadi 1918 viliongeza mzigo, kwani majeshi ya Kibelgiji yaliyoingia Tabora Septemba 1916 yaliishi kwa migongo ya wapagazi na kwa chakula cha vijiji. Katika miaka hiyo hiyo Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kujaribiwa kilimo cha pamba, na amri ya mwaka 1917 ikafungua njia ya mazao ya lazima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku za kazi za lazima kwa mwaka ziliongezwa kutoka 60 hadi 120.

Haitakuwa haki kusema kwamba utawala wa kikoloni haukutoa lolote. Ulipima maradhi ya malale kwa watu, ulijenga zahanati, na katika sehemu kadhaa za Kongo ulileta ng'ombe wa aina zinazovumilia nagana. Lakini ndani ya daftari hakukuwa na safu ya hasara. Karani aliandika kinachodaiwa kutoka kwa mtu, hakuandika kilichompotea. Mbuzi wakifa kwa maradhi, kodi ya mwaka ilibaki ile ile.

Katika mazingira hayo bima ya kweli ya mwanakijiji ilikuwa mtu mwenzake. Desturi iliyoenea mashariki ya Kongo ni ya mwenye wanyama kumkabidhi jirani au ndugu mbuzi jike amfugie. Akizaa, wazao hugawanywa kwa mapatano. Desturi hiyo hutimiza mambo mawili kwa pamoja. Humpa asiye na kitu mwanzo wa kundi, na humpa mwenye kundi kinga, kwa sababu wanyama waliotawanywa katika nyumba nyingi hawafi wote kwa siku moja wala hawachukuliwi wote kwa siku moja. Mbuzi waliotawanywa ni vigumu kuhesabika. Ugumu huo ulikuwa sehemu ya faida yake: desturi iliyomkinga mfugaji na maradhi ilimkinga pia na karani.

Vita na kuporwa kwa mbuzi

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 hali ya usalama ilivunjika mara kwa mara. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulipita Kabambare na Kasongo na kuacha vifo vingi. Miaka ya 1996 na 1997 vita vilivyomwondoa Mobutu vilipita Maniema, na kuanzia mwaka 1998 hadi 2003 jimbo liligawanyika kati ya waasi wa RCD walioishika miji na vikundi vya Mai-Mai vilivyozunguka mashambani. Katika miaka iliyofuata Kabambare imeendelea kusumbuliwa na makundi yenye silaha, hasa katika eneo la Salamabila lililo karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya.

Katika vita vya namna hii mbuzi na kuku ndio ngawira ya kwanza. Hawahitaji lori, hawahitaji mnunuzi wa mbali, na huliwa siku hiyo hiyo. Familia iliyokimbilia msituni ikarudi baada ya wiki kadhaa hukuta zizi tupu. Pamoja na mbuzi huwa imetoweka ada ya shule ya mwaka unaofuata, mahari iliyokuwa ikikusanywa, na fedha za hospitali kwa mgonjwa ambaye bado hajaugua. Wachumi husema kwamba mfugo mdogo ni benki ya maskini. Kusini mwa Maniema benki hiyo imevunjwa na majeshi tofauti, na hakuna hata moja lililoacha hati ya deni.

Maradhi nayo hayakungoja amani. Mwaka 2012 sotoka ya mbuzi na kondoo ilienea katika sehemu nyingi za Kongo, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaonya kwamba mbuzi wapatao milioni moja, takriban robo ya mbuzi wote wa nchi, walikuwa hatarini. Jibu lilikuwa chanjo na udhibiti wa safari za mifugo. Hilo lilikuwa jibu sahihi la kitabibu, lakini ni tofauti na malipo. Chanjo humkinga mnyama aliye hai. Kwa aliyekwisha kufiwa na wanyama wake haina la kufanya.

Kenya: nani aliyelipwa kwanza?

Ili kuona jinsi hesabu ya kuchukua inavyoweza kugeuka, yafaa kuvuka maziwa na kutazama Kenya. Koloni hilo lilikuwa na aina mbili za wenye mifugo, na serikali iliwatendea kwa namna mbili. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipowakumba walowezi wa Kizungu, sheria ya mwaka 1930 iliwezesha kuwapa mikopo ya dharura ya kilimo, na mwaka 1931 ilianzishwa Benki ya Ardhi ya kuwaokoa na madeni. Mwaka 1942, katikati ya vita, sheria nyingine iliwahakikishia wakulima wakubwa kiwango cha chini cha mapato hata kama mazao yangeharibika. Hivyo wazo la kwamba hazina ya umma ibebe hasara ya mwenye shamba halikuwa geni Nairobi. Lilikuwa na rangi.

Kwa Mwafrika hesabu ilikuwa na maana nyingine. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba ardhi ya Machakos imechakaa kwa sababu Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi, ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Mwaka huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa na kiwanda cha nyama Athi River kilichohitaji ng'ombe wa bei nafuu. Kuhesabiwa kukawa na maana ya kuuziwa mali yako bila hiari. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi: zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, wakakaa huko wakidai kumwona Gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini serikali iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa lazima. Wakati wa vita vilivyofuata wafugaji wa Kenya walitozwa tena ng'ombe kwa ajili ya chakula cha jeshi, kwa bei iliyowekwa na serikali.

Tukio la 1938 lina umuhimu wa pekee kwa hoja ya makala haya. Wakamba hawakukataa soko; waliuza mifugo kabla na baadaye. Walichokataa ni daftari linaloandikwa upande mmoja tu. Ushindi wao ulionyesha kwamba masharti ya kuhesabiwa yanaweza kujadiliwa.

Kutoka kununua ng'ombe hadi kulipa kaya

Mwaka 1950 iliundwa Tume ya Nyama ya Kenya, iliyofanya kazi Athi River. Chombo hicho, kilichozaliwa katika mfumo wa kikoloni wa soko, kilikuja kutumiwa baada ya uhuru kwa kazi ya uokoaji: kununua mifugo iliyodhoofika kabla haijafa, ili mfugaji apate angalau fedha kidogo. Katika ukame wa mwaka 2009 udhaifu wa njia hiyo ulionekana wazi. Tume, iliyokuwa imefunguliwa tena mwaka 2006 baada ya kufungwa kwa miaka mingi, ilizidiwa na wingi wa ng'ombe. Malori yalipanga foleni, na wanyama wengi walikufa wakiwa njiani au nje ya lango la kiwanda. Fedha ziliwafikia zaidi wale waliokuwa karibu na barabara, wenye mnunuzi au mwanasiasa wa kuwasemea. Kadiri mtu alivyokuwa mbali ndivyo msaada ulivyochelewa.

Wakati huo huo njia ya pili ilikuwa inajaribiwa. Mpango wa wavu wa usalama dhidi ya njaa, ulioanza mwaka 2008 kwa fedha nyingi za Uingereza, ulilipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera fedha taslimu. Hapo mwanzo kiwango kilikuwa shilingi 2,150 kila miezi miwili. Katika awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2013 chini ya mamlaka ya taifa ya kushughulikia ukame, kaya takriban 100,000 zilipangiwa malipo ya kawaida. Jambo jipya zaidi, hata hivyo, lilikuwa kwamba iliandikishwa na kufunguliwa akaunti za benki idadi kubwa zaidi ya kaya zisizolipwa siku zote. Mwaka 2015, picha za setilaiti zilipoonyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, kaya za kundi hilo zililipwa pia. Daftari lilikuwa limeandikwa kabla ya dharura. Kilichosubiriwa ni dalili tu.

Njia ya tatu ni bima. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi na washirika wao walianzisha huko Marsabit bima inayofuata kipimo cha uoto badala ya kuhesabu mizoga, na malipo ya kwanza yalifanyika Oktoba 2011. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake katika Turkana na Wajir, ikilipa yenyewe ada ya bima kwa kaya zilizochaguliwa, kwa kiwango cha wanyama watano wa kipimo cha ng'ombe. Februari 2017 kaya zipatazo 12,000 zililipwa jumla ya zaidi ya shilingi milioni 200. Kadiri mpango ulivyokomaa, shabaha ilihama kutoka kufidia mnyama aliyekufa hadi kumwezesha mfugaji kununua majani, maji na dawa kabla mnyama hajafa.

Yasemwe pia mapungufu. Kipimo cha setilaiti huona kijani. Hakijui kama kijani hicho ni nyasi au ni vichaka visivyolika. Mfugaji aliyepoteza kundi lake katika bonde lililokauka hukosa malipo kama eneo zima linaonekana la wastani. Kaya zinazostahili zimelalamika kuachwa nje ya orodha, na malipo yamewahi kuchelewa. Aidha, aliyelipa ada ni serikali au mfadhili. Bajeti ikipungua, haki inayoonekana kama ya mkataba hurudi kuwa hisani. Hata hivyo jambo moja limebadilika kwa hakika: mfugaji wa Wajir anayeulizwa idadi ya wanyama wake ana sababu ya kujibu.

Kurudi Kasongo na Kabambare

Kwa nini mgeuko huo haukutokea kusini mwa Maniema? Jibu jepesi ni umaskini wa hazina, na lina ukweli ndani yake. Lakini halitoshi. Mwaka 2021 mfuko wa kijamii wa serikali ya Kongo uliwalipa kwa njia ya simu wakazi wa mitaa maskini ya Kinshasa walioathiriwa na janga la Uviko, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Fedha zilipatikana na simu zilifanya kazi, ingawa jijini. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2011, serikali ilipohamisha mishahara ya watumishi wake kwenda benki, walimu wa sehemu nyingi za mashambani zisizo na benki walilipwa kwa njia ya shirika la Kikatoliki la Caritas. Hii ina maana kwamba njia ya kufikisha fedha kijijini ilipatikana pale ambapo orodha ya majina ilikuwapo.

Orodha ndiyo iliyokosekana. Sensa ya mwisho ya kisayansi ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, nchi ilipokuwa bado ikiitwa Zaire na Maniema ikiwa bado sehemu ya Kivu. Ikawa jimbo la peke yake mwaka 1988. Mtoto aliyehesabiwa mwaka 1984 akiwa mgongoni mwa mama yake huko Kabambare amekuwa mtu mzima, amefuga, ameporwa, ameanza upya, na huenda ameporwa tena, bila daftari la taifa kuyaandika hayo. Hesabu zinazofanywa na watawala wa wilaya na machifu zipo, lakini ukoo wake ni ule wa daftari la kodi. Mtu anayehesabiwa anajua historia ya hesabu hiyo hata kama hajaisoma. Anajua kwamba mbuzi anayetajwa hutozwa, au hutamaniwa na mwenye bunduki aliye kizuizini barabarani. Kunyamaza kwake kuna mantiki.

Kuna sababu nyingine inayohusu aina ya mnyama. Sera za dharura za Afrika ya Mashariki zilijengwa juu ya ng'ombe na ngamia wa nchi kavu, na juu ya ukame, tukio linaloonekana kutoka angani. Katika hesabu za wataalamu, mbuzi au kondoo kumi husimama badala ya ng'ombe mmoja. Kwa mizani hiyo kaya ya Kasongo yenye mbuzi wanne haifikii hata nusu ya ng'ombe. Lakini mbuzi hao wanne waweza kuwa ndio akiba yake yote. Tena hasara yao husababishwa na maradhi na uporaji, mambo yasiyoonekana katika rangi ya majani. Hakuna setilaiti itakayoona zizi lililofunguliwa usiku. Hilo huonwa na majirani, na ushahidi wa majirani ndio ungekuwa msingi wa malipo ya namna yoyote yanayofaa eneo hili.

Hapo desturi ya kufugiana inapata uzito mpya. Mashirika mengi yanayogawa mbuzi mashariki ya Kongo hufuata kanuni inayofanana nayo: anayepokea jike hurudisha mzao ili apewe mwingine. Kanuni hiyo hufanya kazi kwa sababu kila mtu anamjua aliyepewa na kila mtu ana faida katika kuhesabu sawasawa. Ni hesabu ya kutoa, na imekuwapo kijijini muda mrefu. Isichoweza kuhimili ni hasara inayowapata wote kwa wakati mmoja. Wakiporwa wote, hakuna wa kumkabidhi mwenziwe jike. Huo ndio mpaka wa wema wa ukoo, na ndipo wajibu wa serikali unapoanza.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba malipo ya dharura hayatokani na huruma peke yake wala na mitambo peke yake. Walowezi wa Kenya walilipwa mapema kwa sababu waliandikwa katika madaftari waliyoyasimamia wao. Wakamba walilazimisha serikali ijadili namna ya kuwahesabu. Wafugaji wa kaskazini walianza kulipwa pale orodha ya majina yao ilipotangulia ukame. Katika kila hatua aliyehesabiwa alikuwa na uwezo fulani wa kuuliza: hesabu hii ni ya nini?

Kusini mwa Maniema swali hilo limekuwa na jibu moja tangu zama za misafara, na kila utawala uliofuata ulilithibitisha. Kwa hiyo mpango wowote wa kuwainua wafugaji wadogo wa Kasongo na Kabambare ukianza kwa kutuma makarani wa kuhesabu mbuzi utapata idadi ndogo kuliko ya kweli, na malipo yatakayofuata yatakuwa madogo kwa kiasi hicho hicho. Ukianza kwa kutoa, yaani chanjo isiyolipiwa, njia isiyo na vizuizi vya kutoza, na malipo ya hasara iliyothibitishwa na kijiji chenyewe, majina yatajitokeza yenyewe. Kwa wanafunzi wa historia na wa Kiswahili kuna kazi inayotangulia yote hayo: kuwasikiliza wazee wa Kasongo, Kabambare na Nyangwe wakitaja nani alikuwa na mbuzi wangapi, nani alimfugia nani, na nani aliwachukua. Kumbukumbu hizo ndizo daftari la hasara ambalo karani hakuliandika, na wenye kuzishika wanazidi kupungua.